Karanga Kwenye Isombe

Hawa Hassan alikuwa na miaka saba alipopandishwa ndege kwenda Seattle bila mama yake. Alizaliwa Mogadishu. Vita vilipolipuka mwaka 1991 familia yao ilikimbilia Kenya na kuishi kambini, na nafasi ilipopatikana ya kumpeleka mtoto mmoja Marekani kwa marafiki wa familia, aliyepelekwa ni yeye. Mpango ulikuwa mama na ndugu zake wafuate. Hawakufuata. Waliishia Oslo, Norwei, na ikapita miaka 15 kabla mama na binti hawajaonana tena.

Nimeanza na hilo kwa sababu wengi wanaomtaja Hawa Hassan huanza na mambo ya baadaye: mwanamitindo wa New York, mwenye kampuni ya sosi iitwayo Basbaas, mtangazaji wa vipindi vya mapishi, mwandishi aliyeshinda tuzo ya James Beard. Yote ni kweli. Lakini mimi nikisoma kitabu chake namwona yule mtoto wa miaka saba. Basbaas kwa Kisomali ni pilipili, na sosi mbili alizoanza kuuza zilikuwa moja ya ukwaju na tende, nyingine ya nazi na giligilani. Mtu aliyekulia Seattle, mbali na jiko la mama yake, anapoamua kutia vitu hivyo kwenye chupa na kuviuza, hiyo ni biashara, ndiyo, ila nadhani pia ni njia ya kulirudia jiko ambalo hukupewa muda wa kutosha wa kukaa ndani yake.

Kitabu chenyewe kinaitwa In Bibi's Kitchen. Kilitoka mwaka 2020, na alikiandika pamoja na Mmarekani Julia Turshen. Nilikipata kwa mhadhiri wangu Dar es Salaam, ninakosoma shahada ya uzamili, naye alinipa kwa sharti la kutokipeleka jikoni. Neno bibi pale kwenye jalada ni la kwetu kabisa, halijatafsiriwa. Hawa alizunguka, yeye mwenyewe na kwa msaada wa mpigapicha Khadija Farah, akiwatafuta mabibi wa nchi nane ambazo kitabu kinasema zinagusa Bahari ya Hindi: Eritrea, Somalia, Kenya, Tanzania, Msumbiji, Afrika Kusini, Madagaska na Komoro. Kila bibi anahojiwa kwanza, halafu ndipo anapika. Mapishi yako 75. Kwenye sura ya Tanzania yuko Ma Shara wa Zanzibar, anayewafundisha wageni kuoka mkate wa ajemi wenye karoti na pilipili hoho, na yuko Ma Vicky, anayeishi pembezoni mwa New York na kupika matoke kwa maharage na nyama ili nyumba yake ya Marekani inukie Tanzania.

Nilikisoma usiku mmoja na kukimaliza. Nilikipenda. Kisha nikakasirika kidogo.

Nilikasirika kwa sababu mimi ni mtu wa Mpanda, na Tanzania yetu haiogi baharini. Kwetu nazi ni kitu cha kununua sokoni kwa mtu aliyeileta kwa treni au kwa basi, na mpishi wa kawaida pale Makanyagio anaweza kukaa mwaka mzima bila kukuna hata moja. Mafuta yetu ni alizeti na mawese kutoka Kigoma. Samaki wetu ni migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika, wanaopandishwa kutoka Karema na Ikola wakiwa wamekaushwa, na harufu yao unaikuta stendi kabla hujamwona muuzaji. Masika yakianza kunoga watu huingia porini kwenye miombo na kurudi na uyoga wa kila aina kwenye ndoo, wa rangi ya chungwa, mweupe, mkubwa kama sahani. Asali ni ya Inyonga. Mchele ni wa Mpimbwe. Karanga ziko kila mahali: kwenye mboga, kwenye uji, mfukoni mwa mtoto anayekwenda shule. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachosubiri merikebu.

Siwezi kumlaumu Hawa kwa hilo. Alichagua bahari kama kamba ya kufungia kitabu, na kitabu bila kamba ni rundo la karatasi. Ila msomaji wa Mpanda akifika ukurasa wa mwisho anabaki na swali lake: na bibi yangu mimi angewekwa sura ipi?

Swali hilo kwangu si la mzaha. Bibi yangu anaishi Katumba.

Kwa asiyefahamu Katavi: mkoa wetu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, makao makuu yake ni Mpanda, na ndani yake kuna maeneo mawili ambayo kila mtu wa huku anayajua kwa jina moja tu, makazi. Katumba ilifunguliwa mwaka 1973, Mishamo mwaka 1978. Yote mawili yalifunguliwa kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Watu walipewa shoka, jembe, mbegu na kipande cha miombo chenye ndorobo na simba, wakaambiwa walime. Walilima. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 UNHCR ilishayakabidhi makazi kwa serikali kwa kuwa wakazi wake walikuwa wanajilisha, na maharage na mahindi yao yalikuwa yanalisha na Mpanda mjini pia. Hata leo ukinunua maharage soko kuu, uliza yametoka wapi.

Bibi alivuka akiwa na miaka 13, ameshikwa mkono na dada yake wa miaka 17. Mama yao hakuvuka. Hapo ndipo Hawa aliponishika koo: mtoto, mpaka, na mama aliyebaki upande mwingine. Tofauti ni kwamba Bibi hakupata Oslo yake.

Mama yangu alizaliwa Katumba, akaolewa Mpanda, mimi nikazaliwa Makanyagio mwaka 1999. Shule ya msingi niliyosoma ilikuwa na watoto wa Kifipa, Kibende, Kisukuma, Kikonongo, Kiha, na sisi tuliokuwa na bibi kule. Niliulizwa mapema sana kwa nini kwetu tunakula ugali wa muhogo. Aliyeniuliza hakuwa mbaya, alikuwa anataka kujua kweli, lakini neno lililofuata lilikuwa mkimbizi, na kwa miaka kama mitatu hivi niligoma kula ugali wa muhogo nyumbani. Mama alinipikia wa mahindi pembeni bila kusema kitu. Bibi alipokuja kututembelea na kuona sufuria mbili, hakuuliza. Alikula wake.

Baada ya kusoma kitabu cha Hawa niliamua kwamba likizo ile nitakwenda Katumba na daftari. Nilitaka kumhoji Bibi kama mabibi wa kwenye kitabu wanavyohojiwa: unaitwa nani, unaishi wapi, unapika nini, kwa nini umechagua chakula hiki, nyumbani ni wapi. Nilitaka hasa isombe yake. Isombe ndiyo kisamvu, lakini ukimwambia Bibi kwamba isombe ndiyo kisamvu atakuangalia kama aliyeambiwa kanga ndiyo kuku.

Nilimkuta anachambua maharage barazani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekonda. Huko Dar hawapiki?"

Nilimweleza shida yangu. Akasema sawa, kesho, leo majani hayajachumwa. Kesho yake alinipa mchi kwanza, kalamu baadaye. Tulitwanga majani machanga ya muhogo pamoja na kitunguu maji na bilinganya chungu mbili, tukayatia chunguni juu ya mafiga, yakachemka. Niliuliza yachemke kwa muda gani. Akasema mpaka harufu ya jani iishe. Niliuliza harufu ya jani inaisha baada ya dakika ngapi. Akasema inategemea jani.

Najua kwamba huu ni mzaha wa kila mtu aliyewahi kumhoji mzee jikoni. Lakini nilipokuwa pale, kalamu mkononi, ndipo nilipoiona kazi iliyofichika ndani ya kitabu cha Hawa na Julia. Mtu fulani alilazimika kukaa karibu na kila bibi, akaukamata ule mkono uliokuwa unamwaga mafuta hewani, na kuuliza hicho ulichomwaga ni vijiko vingapi. Kisha mtu huyo akaenda kupika tena kwenye jiko la gesi Marekani, kwa majani ya dukani, mpaka chakula kikakubali kufanana. Tunawaita waandishi wa mapishi kana kwamba kazi yao ni kuonja. Nusu ya kazi yao ni kutafsiri mkono wa mtu mwingine. Kurasa za mapishi za magazeti yetu mara nyingi hazina mkono wa mtu yeyote. Zinakwambia washa oveni, kata parachichi, nyunyiza jibini, na msomaji wa Mpanda anafungia kitumbua ukurasa huo.

(Tumewahi kuwa na mtu wa kujaribu kwa nchi nzima. Mwaka 1978, mwaka uleule Mishamo inafunguliwa, Tanzania Publishing House ilitoa Tanzania Cook Book ya Eva Pendaeli-Sarakikya. Kwa Kiingereza, lakini ilitoka. Natamani kitabu cha namna hiyo kingekuwa kwenye kila maktaba ya mkoa, hata kwa ajili ya kubishana nacho tu.)

Majani yalipokubali, Bibi alimimina mawese mpaka uso wa chungu ukawa mwekundu, akatia chumvi, akatia dagaa wakavu aliokwishawaosha kwa maji moto. Kisha akachukua bakuli la karanga zilizosagwa na kulimwaga lote.

Niliandika: karanga, bakuli moja. Pembeni nikaandika: chakula cha Burundi. Aliona. Bibi hajui kusoma vizuri lakini neno Burundi analijua kwa umbo.

"Umeandika nini hapo?"

"Nimeandika kwamba ni chakula cha Burundi, Bibi."

"Nani kakwambia?"

Nikanyamaza.

"Karanga hizi nilifundishwa na jirani Mkonongo, mwaka wa kwanza tumefika, hatuna nyama, hatuna dagaa. Mama yangu hakuwahi kutia karanga kwenye isombe. Dagaa wa Karema, mawese ya Kigoma, majani ya shamba langu hili. Burundi hapo iko wapi?"

"Sasa niandike chakula cha wapi?"

"Andika cha Katumba."

Tatizo la vitabu vya mapishi vinavyopangwa kwa nchi ni hilo. Jiko la mkimbizi halina bendera. Linakusanya kwa jirani aliyepo, kwa bei ya soko lililopo, kwa kile ambacho mbegu ya mgao ilikubali kuota, na baada ya miaka 50 linakuwa na ladha isiyopatikana kule walikotoka wala kwa wenyeji waliowapokea. Liisa Malkki, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti wake Mishamo miaka ya 1980 na kuutoa kwenye kitabu Purity and Exile mwaka 1995, alieleza jinsi watu wa makazini walivyokuwa wakisimuliana historia yao kama taifa lililo uhamishoni. Namwamini. Lakini nadhani vyungu vilikuwa vinasimulia kitu kingine wakati uleule, na vyungu vilisimamiwa na wanawake.

Hawa mwenyewe ameelekea upande huo. Kitabu chake cha pili, Setting a Place for Us, kilichotoka mwaka 2025, kinahusu chakula cha nchi nane zilizopigwa na vita na za watu waliohamishwa, kuanzia Afghanistan hadi Yemen. Kongo imo. Burundi haimo, na sijashangaa. Nimeshazoea kutafuta kwenye yaliyomo na kutokuta.

Niliposema kwamba Bibi hakupata Oslo yake nilikuwa namfikiria dada yake.

Mwaka 2008 serikali ya Tanzania iliwapa watu wa 1972 chaguo ambalo wakimbizi wachache duniani wamewahi kupewa: rudini Burundi kwa msaada, au ombeni uraia. Karibu mmoja kati ya kila watano alichagua kurudi. Waliobaki, zaidi ya watu 160,000, walipewa uraia wa tajnisi. Ukikisoma kisa hiki kwenye ripoti ni kizuri mno, na kweli ni kizuri. Ukikisoma Katumba, kina ufa katikati ya nyumba. Bibi alichagua uraia. Dada yake, aliyemshika mkono mwaka 1972, alichagua kurudi. Aliondoka mwaka 2009 na mabati ya nyumba yake yamefungwa kwa kamba. Bibi alibaki akisubiri cheti, na wakati wa kusubiri watu waliambiwa kwamba raia wapya watahamishwa kwenda mikoa mingine, makazi yafungwe. Miaka kadhaa ilipita hivyo. Miaka hiyo Bibi hakupanda mgomba hata mmoja mpya. Alisema mgomba unapandwa na mtu anayejua mwakani atakuwa wapi. Mwishoni mwa 2014 vyeti vilianza kutolewa na watu wakaruhusiwa kubaki. Migomba iliyoko nyuma ya jiko lake leo ni ya kuanzia hapo. Inahesabika kama pete za mti.

Tangu 2009 dada hao hawajaonana. Nauli si kubwa sana, lakini kila mwaka kuna kitu: mgonjwa, mavuno, mpaka, miguu.

Sasa, tukiwa tunakula, nikamwuliza Bibi kama mama yake alitia nini basi kwenye isombe kama hakutia karanga. Akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Akafikiria. Akasema, "Mpigie dada."

Kwa Bibi mtandao haushiki ndani. Kuna kichuguu kikubwa nyuma ya choo, na familia nzima inakijua kwamba hapo juu ndipo WhatsApp inapokubali. Tulipanda. Kijana mmoja wa kule, mjukuu wa dada, alipokea, akageuza simu, na uso wa bibi mwingine ukajaa kioo, umekaribia mno, paji la uso na jicho moja.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Mama alitia nini kwenye isombe?"

Kimya kirefu. Nilidhani mtandao umekata.

"Umenipigia kwa ajili ya isombe?"

"Mtoto anaandika kitabu."

Sikuwa naandika kitabu, lakini sikupata nafasi ya kusema. Dada alisema mama yao alitia karanga. Bibi alisema hakutia. Dada alisema mimi nilikuwa na miaka 17, wewe ulikuwa mtoto, mimi ndiye niliyekuwa natwanga. Bibi alisema karanga tulifundishwa na Mkonongo hapa hapa Katumba, ulikuwepo, ulimcheka. Dada alisema nilimcheka kwa sababu alitufundisha kitu tunachokijua. Wakahamia Kirundi, kwa kasi nisiyoimudu. Nilishika majina ya watu nisiowajua, neno la mto, neno la mbuzi. Mara moja wote wawili walicheka kwa pamoja, na mara moja Bibi alifuta macho kwa upindo wa kanga, na sikuweza kujua kipi kilitangulia. Kijana wa kule na mimi tuliangaliana kwenye pembe ya kioo kama watu waliokaa mlango wa chumba cha wagonjwa.

Nilikuwa naelewa kitu kimoja tu. Mtu pekee duniani anayeweza kuthibitisha jiko la mama yao ni huyu mwingine, na hawakubaliani. Hakuna wa tatu. Hakuna picha, hakuna daftari. Mmoja akitangulia, atakayebaki atakuwa ameshinda ubishi huo, na sidhani kama yuko anayetaka ushindi huo.

Bando liliisha wakiwa katikati.

Jioni nilimsomea Bibi nilichoandika, polepole, kwa kuwa niliona ni haki yake. Alirekebisha chumvi. Alifuta vijiko vyangu vinne vya mawese, akaniambia niandike mpaka uso uwe mwekundu. Nilimwuliza kama niandike jina lake, akakataa. Andika bibi wa Katumba, wanatosha wenye jina hilo. Kuhusu karanga nilimwuliza mara mbili. Akaniambia niziache palepale, bakuli moja, na kwamba zilitoka kwa Mkonongo.

"Halafu chini yake uandike kwamba dada hakubali."

Nikaandika.

"Umeandika?"

"Nimeandika, Bibi."

"Soma."

Nikamsomea.

"Haya. Kesho tununue bando."